Mayo na trening: nguo ya mjini, ya shimoni na ya kulalia

Jumapili jioni, ukipita barabara kubwa ya Uvira kutoka Kavimvira mpaka Kalundu, unaweza kudhani timu ishirini zimetoka uwanjani kwa mara moja. Motari amevaa mayo ya Chelsea, abiria wake ana ya Real Madrid. Baba mwenye mvi amekaa mbele ya duka na trening ya buluu yenye mistari mitatu pembeni. Wasichana wamevaa kolan na basketi nyeupe, na kitenge kimefungwa juu kwa sababu mama bado anaangalia. Hakuna anayekwenda kukimbia, hakuna aliyetoka kukimbia. Ukiuliza mechi ni ya nani na nani, watakucheka.

Siye tunaoandika ukurasa huu tunavaa nguo hizo vilevile, kwa hiyo hatukuja kuzisema vibaya. Tuna neno moja kwa wachimbaji na watu wa nyumbani kwao. Trening ilipendwa kwa sababu ni nguo moja inayokwenda mahali pote: sokoni, kwenye pikipiki, kitandani, na shimoni pia. Kwa mwalimu au motari hiyo ni faida. Kwa mtu wa shimo, njo pale shida inaanzia.

Lakini kwanza, ilifikaje huku?

Wazee wanakumbuka wakati nguo ilikuwa jambo la serikali. Katika miaka ya 1970 suti ya kizungu na tai vilikatazwa, na mwanaume wa heshima alivaa abakosti. Tarehe 24 Aprili 1990, katika hotuba ileile ya N'Sele aliyotangaza nayo vyama vingi, Mobutu aliruhusu tai irudi. Tai ikarudi, lakini kwa watu wa ofisi na wa harusi. Kinshasa walikuwa na Sape yao, ya Papa Wemba na viatu vya bei ya kutisha. Huku kando ya Tanganyika wengi hawakufuata njia hiyo. Jua la bonde la Ruzizi halikubaliani na koti la sufu, na vumbi la barabara haliheshimu shati jeupe.

Nguo ya michezo ilikuwa na sifa zote ambazo suti haina. Ni nyepesi, haihitaji pasi, ukiifua usiku asubuhi imekauka. Kiunoni ina mpira, kwa hiyo mtu akinenepa au akikonda bado inamfaa. Hata huko Ulaya haikuanza kama nguo ya mtaani. Kampuni ya Adidas ilijulikana kwa viatu, na mwaka 1967 njo ilitoa trening yake ya kwanza yenye jina la Franz Beckenbauer, mchezaji wa Ujerumani. Miaka saba baadaye, kwenye Kombe la Dunia la 1974 hukohuko Ujerumani, Léopards wetu wa Zaïre walivaa mayo yenye kichwa cha chui kifuani. Walifungwa 2 na Scotland, 9 na Yugoslavia, 3 na Brazil, wala wao hawakupata bao hata moja. Mayo ile bado inatafutwa mpaka leo. Mabao watu wameyasamehe.

Mlango mkubwa wa nguo hizi kwetu ni baloti. Nyuma ya mji wetu iko milima ya Mitumba, na mbele yake, sokoni, iko mitumba nyingine, ile ya kuvaliwa. Mizigo inapanda meli Kigoma na kushukia bandari ya Kalundu, au inapitia Bujumbura na Gatumba mpaka duane ya Kavimvira. Baloti nyingi huwa za kilo 45 hivi, zimekazwa kwa mikanda, na anayenunua hajui kilichomo mpaka aikate. Ni bahati nasibu ya asubuhi. Ukikuta trening za choix ya kwanza, watoto watalipiwa shule. Ukikuta soksi zisizo na wenzake, utazoea.

Jirani zetu waliwahi kutaka kuufunga mlango huo. Mwaka 2016 nchi za Afrika Mashariki zilipanga kuondoa nguo kuukuu kidogo kidogo mpaka 2019. Rwanda ilipandisha ushuru kutoka dola 0.20 mpaka 2.50 kwa kilo, na mwaka 2018 Marekani ikaiadhibu kwa kuiondolea nafuu ya kuingiza nguo zake huko bila ushuru. Wengine walirudi nyuma. Congo iliingia katika Jumuiya hiyo mwaka 2022, na sokoni Uvira baloti zinaendelea kufunguliwa. Kiwanda kikubwa cha nguo cha ziwa hili kilikuwa Kalemie, Filtisaf, na pamba ililimwa humu bondeni Ruzizi. Kiwanda kilikufa. Anayetuambia tuache mitumba atuambie pia tutavaa nini.

Sasa, mayo pia inasema. Mtu anadhani amevaa rangi tu, kumbe amevaa maandishi. Tangu 2018 Arsenal walibeba maneno ya kuita watalii Rwanda mkononi mwa mayo yao, PSG wakafanya mapatano yao na Rwanda 2019, Bayern 2023. Mwanzoni mwa 2025, vita vilipokuwa vimewaka tena Kivu, waziri wetu wa mambo ya nje, Thérèse Kayikwamba Wagner, aliziandikia timu hizo tatu akitaka ziachane na mapatano hayo. Kwa mtu wa London ule mkono wa mayo ni tangazo la likizo. Kwa mtu wa Kivu unasomwa kwa namna nyingine kabisa.

Kisha Kinshasa nayo ikaingia sokoni. Julai 2025 FC Barcelona walitangaza mapatano ya miaka minne na nchi yetu. Jina la Congo, na maneno ya kuiita moyo wa Afrika, yanakaa mgongoni mwa nguo za mazoezi za timu. Si mayo ya mechi, ni trening! Vyombo vya habari viliandika kwamba bei inapita euro milioni 40. Kuna wanaoona fahari na kuna wanaoona hasara, na tumesikia wote wawili. Siye tunatazama tu kwamba nchi inaweza kulipia trening ya mtu wa Barcelona, na mchimbaji wa Misisi anajinunulia ya kwake sokoni, ya tatu kwa ubora, tena kwa deni.

Na hapo tumefika shimoni.

Vijana wengi wa kando ya ziwa wanapita Baraka kwenda kutafuta dhahabu huko Misisi na Lubichako, au wanapanda mpaka Kamituga. Mfanyakazi wa kampuni kubwa anapewa saloperi, bote na kofia ngumu. Mchimbaji wa mikono anashuka na kile alichotoka nacho nyumbani: mayo, kaptura au trening, pengine basketi zilizokatika nyuma. Hatumlaumu. Ndani ya shimo ni joto na maji, na mayo ni nyepesi. Sheria ya migodi ya 2002, iliyobadilishwa Machi 2018, inamtaka awe na karte yake na awe ndani ya koperative, na SAEMAPE iko kwa ajili ya kumsaidia na kumfundisha kazi. Lakini karte haimvishi mtu.

Mabaya ya nguo hizi kazini ni mengi, na mengine yanaonekana kwa macho. Basketi haizuii jiwe lisivunje kidole. Kamba ya kofia ya trening, au mguu wa suruali uliolegea, unanaswa na mkanda wa mashine ya kusaga mawe, na mashine haina huruma. Mayo nyingi ni polyester, kitambaa kinachotengenezwa na mafuta ya petroli. Kikiguswa na moto hakiungui kama pamba, kinayeyuka na kugandia ngozi. Mwenye kuchoma dhahabu juu ya makaa alijue hilo.

Lile lisiloonekana ni baya zaidi. Jiwe la dhahabu mara nyingi ni kwarzi. Likitwangwa linatoa vumbi laini sana, laini kuliko unga wa muhogo, na vumbi hilo likiingia kifuani halitoki. Miaka ikipita mapafu yanakuwa magumu, mtu anakohoa, anakonda, na kifua kikuu kinampata kwa urahisi. Mama zetu wanaotwanga, wale wanaoitwa twangaises, wanalijua vumbi hili zaidi ya wanaume, kwa sababu wanakaa ndani yake kutwa nzima, mtoto pengine mgongoni. Halafu iko zebaki, ile wengi wanaita merkiri, ya kukamata dhahabu kwenye mchanga. Ikichomwa inakuwa mvuke usio na harufu. Inaharibu mishipa ya fahamu na figo, na inamfikia mtoto aliye tumboni.

Vyote viwili, vumbi na zebaki, vinashika kwenye nguo. Sasa fuata ile trening. Saa tisa iko shimoni. Saa kumi na moja iko kwenye ngazi ya duka, mwenyewe anakunywa chai. Saa mbili iko nyumbani, mtoto amelala kifuani pa baba yake, uso kwenye jina la Mbappé. Usiku iko kitandani. Kesho yake mama anaikung'uta mlangoni, vumbi linampanda usoni, kisha anaiweka kwenye bassin moja na nguo za mtoto. Maji yanamwagwa mtoni, mto unaenda ziwani. Zebaki ikifika kwenye tope la chini ya maji, vijidudu vinaigeuza kuwa aina mbaya zaidi, na hiyo inaingia kwenye samaki. Mikeke na ndagala tunakula siye wenyewe.

Mchimbaji anaweza kusema: mimi njo ninashuka shimoni, hatari ni yangu. Trening inamkatalia. Inachukua hatari yake na kuipeleka nyumbani kwa watu ambao hawajawahi kuliona shimo.

Dawa yake si ngumu, ingawa inaudhi. Nguo ya shimo iwe ya shimo tu. Ibaki kwenye site ndani ya mfuko wake, mtu aoge, abadilishe, ndipo aende kwa watoto. Kama familia inaishi palepale karibu na karie, basi nguo ile ilale nje, isiingie chumbani. Kabla ya kuifua, mtu asiikung'ute, ailoweshe kwanza ili vumbi lisiruke. Iwe na bassin yake, isichanganywe na za watoto, na maji yake yasimwagwe pale watu wanapochota. Mama mjamzito asiifue kabisa. Hiyo ni kazi ya aliyeivaa. Tunajua sentensi hii itazua maneno kwenye nyumba fulani fulani, na yazuke tu.

Liko jambo jingine la mayo shimoni, nalo tunaliandika kwa uzito. Tarehe 11 Septemba 2020 mvua kubwa ilinyesha Kamituga, maji yakafurika mashimoni, na watu wapatao 50 wakafa. Penye mashimo yasiyo na daftari ya wanaoshuka, anayetafuta ndugu yake ataulizwa alikuwa amevaa nini. Atasema mayo ya Barça, namba 10. Na mayo ya Barça namba 10 zilikuwa ngapi siku hiyo? Jina la mgongoni si la mtu aliye ndani. Kalamu ya wino usiotoka, jina lako na namba ya simu ya mtu wa nyumbani ndani ya kola, ni kazi ya dakika moja. Daftari mlangoni mwa shimo ni bora zaidi, na hiyo ni ya PDG na koperative kuifungua.

Tumefikia pesa. Kwenye shimo nyingi matumizi yanahesabiwa kwanza kabla ya kugawana: chakula, mota ya maji, mafuta, miti ya kuzuia udongo. Nguo za kazi hazimo kwenye hesabu hiyo, kila mtu na zake. Hatuoni sababu ya mota kuwa matumizi ya shimo na bote kuwa matumizi ya mtu. Timu ikikaa na PDG kabla ya kuanza, hilo linaweza kuandikwa kwenye mapatano, nguo moja na jozi moja ya bote kwa kila anayeshuka.

Wakati hilo bado, baloti inaweza kusaidia. Kwa nguo ya shimo usitafute mistari mitatu. Tafuta pamba nzito, mikono mirefu, bila kofia, bila kamba. Usiiamini etiketi, mara nyingi imekatwa. Vuta uzi mmoja pembeni ya pindo na uuwashe kwa kiberiti: ukitoa harufu ya karatasi na kuacha jivu, ni pamba. Ukijikunja na kuacha kidonge cheusi kigumu, ni polyester, iache iende mjini. Suruali yenye kiraka gotini, ambayo vijana wa Mulongwe hawataigusa, iko chini kabisa ya rundo, na wauzaji wengi wanaitoa kwa bei ya kuondoa tu.