Sura ya Tisa: Kimo cha Pili cha Valvu

Msafiri atokaye Morogoro kwenda Dodoma, akiisha kuiacha milima ya Uluguru nyuma yake, huingia katika uwanda mpana wa mto Wami, na hapo Dakawa, penye mashamba ya mpunga yanayonyweshwa kwa mifereji, barabara hunyooka na dereva hushawishika kukanyaga mafuta. Ni hapo ndipo aghalabu hudhihirika ugonjwa ninaokusudia kuueleza katika sura hii. Ni ugonjwa unaojificha mjini, ambako gari hutambaa nyuma ya daladala na bodaboda, ukangoja mpaka injini iombwe nguvu zake zote ili kulipita lori lililosheheni magunia, kisha ukajitokeza wakati ule ule ambao usalama wa roho za watu unaitegemea nguvu hiyo. Dereva hukanyaga, mshale wa mizunguko hupanda hadi 6,000 kwa dakika, na pale gari lilipozoea kuchomoka kwa kishindo, sasa husita, au huguna, au huendelea na nguvu zile zile dhaifu hadi dereva akate tamaa na kurudi upande wake wa barabara.

Kabla ya kuutafuta ugonjwa, sharti fundi ayakinishe kwamba injini iliyo mbele yake yaweza kuugua ugonjwa huo. Toyota Runx nyingi zinazopita hapa, pamoja na ndugu yake Allex, zina injini za 1NZ-FE au 1ZZ-FE, ambazo hubadili wakati wa valvu kufunguka lakini hazibadili kimo cha kufunguka kwake. Humo hakuna kimo cha pili, na anayelalamika kuwa hakipatikani analalamikia kitu ambacho gari halikuzaliwa nacho. Chenye kimo cha pili ni Runx ya daraja la Z iliyopewa injini ya 2ZZ-GE, ya sentimita za ujazo 1,796, iliyoundwa kwa ushirikiano wa Toyota na Yamaha na kunadiwa nchini Japani kuwa ina nguvu za farasi 190. Honda ilitangulia katika elimu hii: mwaka 1989 ilitoa Integra yenye injini ya B16A, ambayo kwa ujazo wa lita 1.6 ilizaa nguvu za farasi 160 bila ya msaada wa turbo, jambo lililowastaajabisha wajuzi wa zama zile, na kwa haki. Ama Toyota Noah na Voxy za tangu 2007 zenye injini ya 3ZR-FAE, hizo hubadili kimo pia, illa hukibadili kidogo kidogo kwa mota ya umeme, pasipo hatua wala mruko, na tiba yake haimo katika sura hii.

Kazi ya kimo cha pili ni hii. Mpunga wa Dakawa hupata maji kwa malango ya mifereji, na mnyweshaji ajua kuwa kwa muda ule ule mmoja lango lililoinuliwa sana hupitisha maji mengi kuliko lililoinuliwa kidogo. Walakini ajua pia kuwa mfereji ukiwa na maji machache, lango likiachwa wazi mno, mkondo hulegea na majaruba ya mbali hayafikiwi. Valvu iko hivyo kwa hewa: mwendo ukiwa mdogo, mwanya mfupi huipa hewa kasi na kuichanganya vema na mafuta, mwendo ukizidi, mwanya ule ule huwa kizuizi. Kwa hiyo kamshafti ya injini hizi hupewa nundu za namna mbili, fupi kwa mwendo wa chini na ndefu kwa mwendo wa juu. Katika 2ZZ-GE, chini ya nundu ndefu, ndani ya rokaama, mna nafasi ndogo iliyoachwa kwa makusudi, hata nundu ile ikapanda na kushuka bure pasipo kuisukuma valvu. Injini ikiisha kupata moto, maji yake yakiwa yamepita karibu nyuzijoto 60, na mizunguko ikipita 6,000 na ushei, kompyuta ya gari huipa umeme solenoidi, oili hupita kwa shinikizo ndani ya mhimili wa rokaama, ikaisukuma pini katika nafasi ile na kuijaza, na tangu hapo nundu ndefu ndiyo inayotawala. Honda hufuata kanuni hiyo hiyo kwa kuzifunga rokaama kwa pini, zipande na kushuka pamoja.

Msomaji na alizingatie neno moja katika maelezo hayo, kwa kuwa sura nzima imejengwa juu yake: inayoisukuma pini ni oili. Umeme hutoa amri tu, na hesabu za mafuta na cheche zilizomo ndani ya kompyuta hufuata nyuma. Basi uchunguzi wa haki huanza kwa oili, ukaenda kwa vyuma, ukafika kwa nyaya, na mwisho kabisa ndipo ukagusa hesabu. Desturi iliyoenea katika gereji zetu ni kinyume chake. Fundi huchomeka mashine ya kupimia, huona alama ya P1693 kwa Toyota au P1259 kwa Honda, humtuma mwenye gari kununua solenoidi, na solenoidi mpya ikishindwa humtuma kununua kompyuta. Alama ile imesema kweli, lakini imesema kwamba badiliko lililoamriwa halikutokea. Sababu yake haikuitaja, nayo ndiyo kazi ambayo fundi analipwa kuifanya. Jambo hili lanihuzunisha zaidi kwa kuwa Dakawa si mahali pageni kwa mafunzo ya ufundi: hapa ndipo chama cha ANC cha Afrika Kusini kilipojenga makazi ya wakimbizi wake tangu 1982, pamoja na karakana za kufundishia kazi za mikono, kikayakabidhi kwa serikali ya Tanzania mwaka 1992, na VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ingali inafundisha vijana katika mji huu. Kijana aliyefunzwa kushika spana astahili kufunzwa pia kuuliza.

Na aanze kwa kijiti cha oili, gari likiwa mahali tambarare. Injini ya 2ZZ-GE hubeba lita nne na ushei, na lita moja ikipungua, hasa gari likikata kona au kupanda mlima kwa kasi, pampu huvuta hewa na shinikizo huvunjika pale pale pini inapolihitaji. Kisha aulize ni oili gani iliyotiwa. Katika joto la uwandani, dhana imewakaa watu wengi kwamba oili nzito ndiyo hifadhi ya injini, na lori kuukuu la dizeli huenda likashukuru. Lakini injini hizi zilikusudiwa oili nyepesi ya daraja la 5W-30, ipitayo upesi katika vijia vyembamba, na ile inayochotwa katika pipa lisilo na jina, kwa kipimo cha lita, haijulikani uzito wake wala umri wake. Oili iliyochoka, iliyochanganyika na petroli, nayo ni nyepesi kupita kiasi na haishiki shinikizo. Gari lenye shaka na limwagwe oili yote, lifungwe filta mpya, litiwe oili ya daraja linalostahili, kisha lijaribiwe kabla ya kununua kifaa chochote. Nami nasema kwa yakini kwamba hatua hii moja huponya magari mengi.

Lisipopona, kitafutwe kichujio cha solenoidi. Ni wavu mdogo, usiozidi ncha ya kidole, uliofichwa katika njia ya oili, na kwa udogo wake wenye magari wengi hawajui kuwa upo. Fundi akiushika mbele ya mwanga aone kama mwanga wapita. Aghalabu ataukuta na utando mweusi wa oili iliyoungua, na mara nyingine na vipande vya rangi ya kijivu au nyekundu, laini kwa kucha: hiyo ni gundi ya gasketi, iliyopakwa kwa ukarimu mno na mtu aliyefungua injini kabla yake, ikamenyuka ndani na kusafiri na oili mpaka hapo. Uoshwe kwa petroli safi, upulizwe, urudishwe. Solenoidi yenyewe na ipewe umeme wa volti 12 kwa sekunde moja. Isikike ikigonga, na mchi wake uonekane ukienda na kurudi pasipo kukwama.

Ndipo kifuniko cha valvu hufunguliwa. Katika 2ZZ-GE za miaka ya mwanzo, boliti zinazoshika mihimili ya rokaama, ambazo pia huipitisha oili ya kimo cha pili, zilikuwa na udhaifu: huliwa shingoni polepole na kukatika, na moja ikikatika oili humwagika ndani ya kichwa cha injini, shinikizo lisiifikie pini. Gari huwaka vizuri, hutembea vizuri, halitoi mlio, ila kimo cha pili hakija. Boliti isiyokatika bado nayo ichomolewe itazamwe. Ikiwa na mfereji uliochimbwa na mhimili, itupwe. Toyota ilitoa boliti zilizorekebishwa, na busara ni kubadili zote kwa pamoja, za upande wa hewa na za upande wa moshi, kwa kuwa umri wake ni mmoja.

Nyaya hazitaki maneno mengi. Palipo na maghala ya mpunga pana panya, na panya hutafuna nyaya. Soketi na waya wa ardhi vikaguliwe kwa macho na kwa mita.

Sasa ndipo tufike kwa hesabu, na hapa namsemesha hasa kijana aliyeondoa kompyuta ya kiwandani akatia nyingine inayokubali kuandikwa upya. Kompyuta ya Toyota huihesabu hewa inayopita katika sensa, kwa hiyo badiliko la kimo likileta hewa zaidi, sensa huiona na mafuta hufuata. Nyingi za kompyuta mbadala hukisia hewa kwa shinikizo lililomo katika manifoldi, na shinikizo lile lile, kwa mizunguko ile ile, huwa na hewa ya kadiri mbili mbalimbali kwa nundu mbili mbalimbali. Basi majedwali ya mafuta sharti yawe mawili, na ya cheche mawili. Mwenye kutumia jedwali moja ataona mafuta yakipungua ghafla pini iingiapo. Gari litasita, naye atailaumu pini ambayo imetimiza wajibu wake, ilhali injini yenye mgandamizo wa 11.5 kwa moja, ikinyimwa mafuta kwa mizunguko zaidi ya 6,000, huanza kugonga, na kugonga huko hutoboa pistoni.

Mahali pa kubadilia napo hapachaguliwi kwa sikio. Gari likimbizwe katika mashine ya kupimia nguvu kwa nundu fupi peke yake, kisha kwa nundu ndefu peke yake, mistari miwili ya nguvu iwekwe juu ya karatasi moja, na pale inapokatana ndipo amri itolewe. Kurudi kuwe chini ya hapo kwa mizunguko mia mbili au tatu, ili pini isiingie na kutoka mfululizo dereva akishikilia mwendo mmoja. Aidha, katika kumbukumbu za kompyuta pataonekana daima mkwaruzo mfupi wakati wa badiliko, kwa kuwa jedwali hubadilika mara amri itolewapo, na pini huchelewa kidogo njiani. Mkwaruzo wa kufumba na kufumbua ni wa kawaida, na kuufukuza kwa kuongeza mafuta ni kuharibu. Ukirefuka, au ukawa mrefu leo na mfupi kesho, hesabu hazina kosa: oili inachelewa, na fundi arudi kwenye wavu.

Jaribio la mwisho lifanywe gia ya pili, ambapo Runx ya gia za mkono hufika mizunguko 6,200 kabla ya kufika kilomita 80 kwa saa, mbali na makazi na mbali na daraja la Wami. Baada ya kilomita 1,000 hivi oili imwagwe tena, kwa kuwa oili mpya huosha uchafu wa zamani na kuubeba, na wavu ufunguliwe siku hiyo hiyo. Ukikutwa safi, gari lirudishwe kwa mwenyewe. Ukikutwa na utando mweusi, sampo, yaani bakuli la oili lililo chini ya injini, ishushwe ioshwe.