Simu Katika Pindo la Kitenge

Kabla jua halijakaa sawasawa juu ya vilima vya Rubavu, Rwanda, kwenye kivuko cha mpaka ambacho wengi hukijua kwa jina la Petite Barrière, wachuuzi wa Gisenyi huwa wamekwisha kujipanga kuelekea Goma, upande wa Kongo, wanawake wenye mabeseni ya nyanya na karoti vichwani na watoto migongoni. Nawe ukitazama kwa makini utaona kwamba simu ya mchuuzi aghalabu haikai mkobani, bali imefundikwa pamoja na noti katika pindo la kitenge, mahali pale pale ambapo bibi zetu walikuwa wakifundika senti zao.

Wala si ajabu kuiweka pamoja na fedha, maadamu simu yenyewe sasa ni fedha: mtu hubonyeza *182# akalipa deni lake pasipo kugusa noti. Ajabu yangu ni kwamba yule asiyethubutu kuhesabu faranga zake mbele ya kadamnasi, huyo huyo humtajia wakala namba yake ya siri kwa sauti, ati hakuja na miwani, ilhali nyuma yake wamesimama watu wanne wenye masikio mazima.

Mimi nami sina haki ya kucheka. Siku moja ulinifikia ujumbe kwamba nimepokea fedha, na mara simu ikalia, sauti ya kijana mwenye adabu nyingi ikisema, "Mzee wangu, nimekosea namba, tafadhali nirudishie." Kidole kilikuwa tayari, lakini nilipotazama salio, halikuwa limeongezeka hata faranga moja, kwani ujumbe ule aliutunga yeye mwenyewe. Basi salio ndilo shahidi, si ujumbe. Na hata fedha zikiwa zimeingia kweli, mwambie mwenyewe aende kwa kampuni ya simu akadai huko.

Nikirudi kwenye lile pindo la kitenge, nalo lina dhara lake. Betri ya lithiamu hudhuriwa na joto, nayo ikibanwa kutwa kati ya mwili na jua huchakaa upesi, na pengine huvimba hata ikakiinua kioo. Iliyovimba haitobolewi wala haichajiwi tena. Mwaka 2016 kampuni kubwa ya Samsung ililazimika kuziondoa sokoni simu zake za Galaxy Note 7 kwa sababu betri zilikuwa zikishika moto, sembuse betri ya bandia iliyonunuliwa njiani, ikachajiwa usiku kucha chini ya mto! Na simu ikizama ziwani Kivu, izime, uiache penye upepo tundu la chaja likitazama chini. Usiifukie katika mchele, kwani vumbi lake huingia ndani.

Tena ni katika usiku kama ule wa tarehe 22 Mei 2021, volkano ya Nyiragongo ilipolipuka na watu wa Goma wakamiminika Gisenyi kwa maelfu, ndipo hujulikana tofauti ya aliyechaji simu yake mapema na asiyechaji, na ya anayezijua namba za jamaa zake kwa moyo na aliyeziachia simu peke yake.

Leo bonyeza *#06#, ndugu msomaji: zitatokea tarakimu 15 ambazo ndizo utambulisho wa simu yako ikiibwa. Ziandike kwenye karatasi, na karatasi hiyo uiache nyumbani.