MGENI NJOO, MWENYEJI APONE: Kijana wa Chuo Anapoanza Kazi Shambani

Kila mwaka, wakati wa likizo ndefu, wanafunzi wa kilimo hutumwa vijijini kufanya mazoezi ya kazi. Wengine hutoka Chuo cha Kilimo cha Bukura, huko Kakamega. Wengine hutoka Egerton, Njoro, ambayo ilianza mwaka 1939 ikiwa shule ya ukulima na sasa ni Chuo Kikuu. Tangu mwaka 2013 kazi ya kuwashauri wakulima imo mikononi mwa serikali za kaunti. Basi kijana huwekwa chini ya Bwana Shamba au Bibi Shamba wa wadi kwa muda wa miezi mitatu hivi.

Tuseme kijana huyo amepewa kazi ya kuhimiza mboga za kienyeji: managu, saga, mrenda, kunde na mchicha. Je, miezi mitatu yatosha? Yatosha kabisa, mradi aanze vizuri.

Juma la kwanza na liwe la kuuliza. Abishe hodi, aamkie wazee, akae chini asikilize. Mboga hizi hazikuletwa na chuo. Akina mama ndio waliotunza mbegu zake kwenye vibuyu na vitambaa, miaka yote ambayo watu waliziita chakula cha maskini. Hata watafiti wa Makumbusho ya Taifa walipoanza kuzishughulikia kwa bidii katika miaka ya 1990, waliwaendea akina mama hao. Tena ajifunze majina. Managu huitwa lisutsa kwa Waluhya, osuga kwa Wajaluo, na rinagu kwa Wakisii. Asiyejua jina la mboga katika lugha ya mwenyeji atapata shida kumwuliza habari zake.

Juma la pili apande. Ukulima hufundishwa kwa macho kuliko kwa maneno. Mahindi ya nyanda za juu yatamwacha. Atarudi chuoni kabla hayajakomaa, na jirani hataona kitu. Lakini majani ya kunde na mchicha huanza kuchumwa baada ya majuma matatu au manne, na managu na saga baada ya majuma manne hadi sita. Basi mavuno yatakuja yeye angali kijijini.

Namna ya kufanya ni hii. Mwombe mwenye shamba mahali padogo, mtengeneze vitanda viwili, kila kimoja urefu wa mita 5 na upana wa mita 1. Kitanda cha kwanza mwenyeji apande kama alivyozoea. Cha pili kijana apande kama alivyofundishwa: atie debe moja la samadi iliyooza vizuri, achore mistari yenye nafasi ya sentimita 30, achanganye mbegu na mchanga mkavu kwa kuwa ni ndogo mno, kisha aifunike kwa udongo mwembamba. Miche ikisongamana, aipunguze. Mbegu iwe moja na siku iwe moja, la sivyo hamtajua ni jambo gani lililoleta tofauti. Kila mchumo upimwe kwa mizani, kitanda kwa kitanda, na uandikwe daftarini.

Kwa nini vitanda vidogo, wala si shamba zima? Kwa sababu shauri likiharibika, kijana atarudi chuoni na kupewa alama zake, lakini mama atabaki na sufuria tupu. Shamba la mtu ni chakula cha watoto wake. Asiyelikumbuka hilo hafai kumshauri mkulima, hata akiwa na vyeti vingi.

Nanyi wakulima, mna wajibu wenu. Msimfanye kijana huyo kuwa mtu wa kutumwa dukani. Mwonyesheni wadudu wanaowasumbua, mwulizeni habari za udongo, na asipojua jibu, mwambieni akamwulize Bwana Shamba alete jibu kesho. Kama mizani inaonyesha kitanda chake kimeshinda, fuateni njia yake. Kama cha mama kimeshinda, kijana aandike hivyo bila haya, na chuo kipate kujifunza.

Kabla ya kuondoka, acheni mashina machache ya managu yazae. Matunda yakiiva, yakamueni, osheni mbegu mpaka utelezi utoke, mzikaushe kivulini. Sehemu ya mbegu ipelekwe shule ya karibu yenye chama cha 4-K, yaani Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya. Vyama hivyo vilianza mwaka 1962 na vikazinduliwa upya mwaka 2021. Sehemu nyingine ibaki kwa mama, na daftari libaki katika ofisi ya wadi, ili mwanafunzi wa mwaka ujao aendelee pale mwenzake alipoachia.