Maji ni Shirika: Habari za Mifereji ya Granada

Ndugu Waislamu, wazee kwa vijana, tuitajapo Andalus tumezoea kusikitikia majumba yake ya fahari. Mwezi huu tunapenda kuzungumza juu ya kitu kinyonge kuliko majumba, nacho ni mfereji wa maji. Majumba yale leo yatazamwa tu, lakini mifereji bado yanywesha mashamba.

Katika milima ya Sierra Nevada, kusini mwa Hispania, Waislamu walichimba mifereji yapata miaka elfu iliyopita. Wahispania huuita mfereji acequia, neno litokalo katika Kiarabu, as-saqiya. Theluji iyeyukapo, maji huongozwa mpaka penye ardhi inyonyayo, yakazama, kisha yakatokea bondeni katika chemchemi wakati wa kiangazi, mkulima ayahitajipo. Mfereji wenyewe ni wa udongo na mawe, nao huvuja. Na kuvuja huko si hasara, kwani ndiko kunakolisha miti na chemchemi.

Granada ilianguka mwaka 1492, na kati ya 1609 na 1614 wazao wa Waislamu wakafukuzwa Hispania. Waliorithi mashamba yao waliishika mifereji pamoja na desturi zake. Lakini katika karne ya 20 vijana walihamia mijini, na mifereji mingi ikaachwa, ikajaa miba na mawe. Maji yalipokoma kupita juu, chemchemi za chini nazo zikapungua.

Mwaka 2014, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Granada waliungana na wakulima wa kijiji cha Cáñar kuufufua mfereji wa Barjas. Wanafunzi na watu wa kujitolea walikwenda na majembe, wakazoa matope na kuziba palipobomoka. Tangu hapo kazi hiyo imeenea vijiji vingine. Katika Granada yenyewe wameushughulikia mfereji wa Aynadamar, uliojengwa karne ya 11 kuleta maji kutoka Alfacar mpaka mtaa wa Albaicín. Jina lake asili yake ni Kiarabu, maana yake Chemchemi ya Machozi.

Huenda mtu akauliza: Kwa nini taabu yote hii, na fundi mwenye saruji angeimaliza upesi? Jawabu ni kuwa saruji huzuia maji yasizame, na fundi akisha kulipwa huenda zake. Mfereji wahitaji watu wa kuusafisha kila mwaka, na mtu wa kufungua na kufunga vilango. Kwa hiyo wenye mashamba wana chama chao: kila mmoja ana zamu yake, huchanga kwa kadiri ya fungu lake, na viongozi huchaguliwa na wao wenyewe. Mjini Valencia wakulima wana hata baraza la kuhukumu ugomvi wa maji, likutanalo kila Alhamisi saa sita mchana mbele ya mlango wa kanisa kuu. Mwaka 2009 UNESCO iliitia desturi hiyo katika urithi wa wanadamu.

Mambo haya si mageni katika dini yetu. Mtume (S.A.W.) amefundisha kuwa watu ni washirika katika maji, na alipoletewa shauri la Zubeir na jirani yake, alimwamuru Zubeir anyweshe kwanza, kisha amwachilie jirani maji.

Basi na tujitazame. Visima vingapi vya wakfu vimekauka kwa kukosa mtu wa kuvisafisha? Pampu ya msikiti ikiharibika, twangoja mfadhili, ilhali twatawadha kwayo mara tano kwa siku. Kila mtaa na uchague wasimamizi waaminifu, hesabu isomwe hadharani, zamu za usafi ziandikwe, na vijana wafuatane na wazee ili wajue mabomba yapita wapi. Elimu hiyo wazee wakifa nayo, hakuna fedha itakayoirudisha.

Mwenyezi Mungu atuwafikishe kuzilinda amana zetu. Amin.