Mshahara Ulioliwa Kabla ya Kazi Kuanza

Mipira ya mikono anayovaa muuguzi wa zamu, awe hospitali ya Muhimbili au Mulago, kuna uwezekano mkubwa ilitoka Malaysia, nchi ambayo kwa miaka mingi ilitengeneza zaidi ya nusu ya mipira hiyo duniani. Wengi wa wanaosimama kwenye mashine huko ni vijana kutoka Bangladesh, Nepal na Myanmar. Ukitaka kujua wanalipwa nini hasa, usianze na mkataba. Anza na deni.

Chukua mwaka 2020. Kima cha chini cha mshahara mijini Malaysia kilikuwa ringgit 1,200 kwa mwezi, kama dola 290. Kisheria mshahara hugawanywa kwa siku 26, kisha kwa saa nane: ringgit 5.77 kwa saa. Saa ya ziada hulipwa mara moja na nusu, yaani 8.65. Zamu ya saa 12, siku sita kwa wiki, huzaa saa za ziada 104 kwa mwezi, na 104 ndicho kikomo cha sheria. Hapo mfanyakazi anafikisha ringgit 2,100, na kwenye makaratasi si haba. Ila amefanya kazi ya mtu mmoja na nusu.

Sasa tuseme alimlipa wakala dola 4,000, kiasi kisicho kigeni kwa Mbangladeshi anayekwenda Malaysia, tena kwa mkopo wa riba. Huo ni mshahara wake wa msingi wa karibu miezi 14, kabla hajala wala kutuma senti nyumbani. Familia za Mombasa na Kampala zilizopeleka binti Ghuba kupitia wakala hazihitaji kuelezwa zaidi.

Korona ikaigeuza mipira kuwa dhahabu. Top Glove ya Malaysia, iliyokuwa kampuni kubwa kuliko zote katika biashara hii, ilipata faida ya karibu ringgit bilioni 1.9 katika mwaka wake wa fedha wa 2020, kutoka milioni 370 hivi mwaka uliotangulia. Faida hiyo haikufika kwenye mabweni ya wafanyakazi. Kilichofika huko kilisukumwa na forodha: Julai 2020 Marekani ilizuia mizigo ya kampuni tanzu mbili za Top Glove kwa tuhuma za kazi ya kulazimishwa. Kampuni ikawarudishia wafanyakazi ada walizotozwa na mawakala, zaidi ya ringgit milioni 130 kwa maelfu ya watu, na Septemba 2021 zuio likaondolewa. Kwangu mimi, hiyo ndiyo nyongeza ya ujira yenye maana zaidi katika sekta hii, ingawa hutaiona kwenye jedwali la mishahara.

Baadaye bei ya mipira iliporomoka huku kima cha chini kikipanda: 1,500 Mei 2022, 1,700 Februari 2025. Viwanda vikajibu kwa mashine. Mikono ya kauri huning'inia kwenye mnyororo, huzamishwa kwenye utomvu, hupita tanurini. Kuvua mpira mwishoni, kazi ya vijana zamani, sasa hufanywa zaidi na roboti.

Tanzania nayo imeingia katika biashara hii. Bohari ya Dawa imejenga kiwanda cha mipira ya mikono Idofi, Makambako. Mfanyakazi wa hapo hahitaji pasipoti wala wakala. Lakini mpira anaoutengeneza unapambana sokoni na ule wa Malaysia, ambao kwa miaka mingi sehemu ya gharama yake ililipwa na kijana wa Bangladesh kwa pesa za kukopa.