Saratani ya mlango wa kizazi: kwa nini nauli peke yake haitoshi

Kamati kadhaa za parokia zimetuuliza swali moja. Mama anachangiwa nauli, anapelekwa Dar es Salaam kwa mionzi, anarudi baada ya wiki tatu akiwa amechangamka, kisha miezi michache baadaye anazidiwa. Wafadhili nao huuliza fedha zilifanya kazi gani. Tumeona vema tueleze jinsi tiba yenyewe inavyokwenda.

Saratani hii ndiyo inayowapata wanawake wengi zaidi nchini Tanzania. Makadirio ya mwaka 2022 ni wagonjwa wapya zaidi ya 10,000 na vifo zaidi ya 6,000. Wengi hufika hospitali wakiwa wamechelewa, ugonjwa umetoka kwenye mlango wa kizazi na kuingia sehemu za jirani. Hapo kwa kawaida upasuaji haufai tena.

Tiba inayobaki ni mionzi pamoja na dawa. Mionzi ya nje hutolewa siku tano kwa wiki, kwa muda wa wiki tano hivi. Tangu tafiti za mwaka 1999, mgonjwa ambaye figo zake ni nzima huongezewa dripu ya dawa ya sisplatini mara moja kwa wiki. Mwisho huja mionzi ya ndani, ambayo hupitishwa ukeni kwa kifaa maalumu hadi penye uvimbe. Hii ya mwisho si nyongeza. Bila hiyo nafasi ya kupona hupungua sana. Yote yanapaswa kukamilika ndani ya wiki nane, kwa sababu siku zikirefuka uvimbe hupata nguvu tena.

Tatizo ni kwamba damu huanza kukatika mapema, mara nyingi kabla mionzi ya nje haijafika nusu. Mama anajiona amepona. Nyumbani watoto wako kwa jirani, mahindi yanangoja palizi, na pesa ya chumba imekwisha. Anaondoka. Wengine huchelewa kwa kungoja damu ya kuongezewa, au mashine inapoharibika.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 ulifuatilia kumbukumbu za wanawake 632 katika miji ya Afrika, ikiwemo Nairobi, Eldoret na Kampala. Takriban 5 tu kati ya kila 100 ndio walioonekana kupata tiba kamili kama miongozo inavyotaka. Mahali ambapo tiba hukamilika, zaidi ya nusu ya wagonjwa wa hatua ya pili huwa hai baada ya miaka mitano, na hata wa hatua ya tatu wengi wao hupata miaka ya kulea watoto wao.

Kwa hiyo tunazishauri kamati zipange bajeti ya wiki nane: malazi, chakula, nauli ya kila siku ya kufika kliniki, vipimo, na mtu wa kuangalia nyumba. Tunaona ni afadhali kumgharamia mama mmoja hadi amalize kuliko kuwagawia watatu nauli ya kwenda. Tunajua neno hili ni gumu kusema kwenye kikao. Kwa parokia za Kanda ya Ziwa, ulizeni kwanza Bugando, Mwanza, ambako mionzi pia hutolewa.

Ugonjwa ukiwa umefika mapafuni au kwenye ini, mpango ni mwingine. Mionzi ya siku chache huweza kuzuia damu, na mofini ya kunywa hutuliza maumivu. Mgonjwa wa namna hii asisafirishwe mbali kabla kamati haijauliza hospitali ya wilaya au ya misheni iliyo karibu kama ina tiba shufaa, na kama mofini ipo.