Programu za Kompyuta za Mtunzi Mmoja: Maelezo kwa Watumishi na Wananchi

Watumishi wa Serikali na wananchi wa Unguja na Pemba wenye ujuzi wa kuandika programu za kompyuta wanafahamishwa kwamba kazi hiyo yaweza kufanywa na kuuzwa na mtu mmoja, bila ya kampuni wala mtaji mkubwa. Hata hivyo yapo mambo yanayotakiwa kutengenezwa mapema, kabla nakala ya kwanza haijatoka mkononi mwa mtunzi.

Mfano ulio wazi ni wa Bwana Jim Knopf wa Marekani, aliyekuwa mwajiriwa wa kampuni ya IBM. (Knopf kwa Kijerumani ni kifungo, na kwa hiyo wateja walimjua kwa jina la Jim Button.) Aliandika programu ndogo ya kuweka majina na anwani za waumini wa kanisa lake. Wenziwe walipoiomba aliwapa, nao wakawapa wengine. Ndipo taabu ilipoanza: kila aliporekebisha kasoro ilimbidi awapelekee watu disketi mpya, kwa gharama yake mwenyewe. Mwaka 1982 alitia ndani ya programu ujumbe wa kuwaomba watumiaji wampelekee dola 10 kwa hiari yao, na kuwaruhusu kuinakili na kuigawa.

Wakati huohuo Bwana Andrew Fluegelman wa California alikuwa akigawa programu yake ya mawasiliano, PC-Talk, kwa utaratibu kama huo. Walipofahamiana walikubaliana kila mmoja aitaje programu ya mwenziwe. Knopf akapandisha mchango hadi dola 25 na programu yake akaiita PC-File. Ilipofika 1984 mapato yake yalikuwa yameupita mshahara, akaacha kazi IBM.

Isidhaniwe kwamba kila aliyetumia alilipa, wengi hawakulipa. Utaratibu ulisimama kwa kuwa gharama ya kunakili aliibeba mwenye kunakili. Bwana Bob Wallace, aliyetoka Microsoft mwaka 1983, alikwenda mbele zaidi kwa programu yake ya kuandikia, PC-Write. Aliyelipa dola 75 alipata kitabu cha maelekezo, msaada na nakala yenye nambari yake. Na mtu mwingine akijiandikisha kwa kutumia nakala hiyo, aliyeigawa alilipwa dola 25. Hivyo mteja akageuka wakala.

Disketi zimekwisha zama zake, na programu nyingi huuzwa sasa katika maduka ya intaneti ambayo hukata sehemu ya bei. Kampuni ya Apple, kwa mfano, ilianzisha Januari 2021 kiwango cha asilimia 15 badala ya 30 kwa watunzi wenye mapato yasiyozidi dola milioni 1 kwa mwaka, na sharti mtunzi aombe mwenyewe. Lisilobadilika ni kazi ya baada ya mauzo. Mteja wa skuli au ushirika aliyekwama mwisho wa mwezi hatamtafuta mwenye duka, atamtafuta mtunzi. Bei isiyohesabu saa hizo ni hasara.

Jambo zito zaidi ni la umiliki. Sheria ya Hakimiliki ya Zanzibar ya 2003 ndiyo inayohusika hapa. Hakimiliki hulinda maandishi ya programu. Hailindi wazo lake, na mwingine aweza kuandika ya kwake yenye kufanya kazi ileile. Kwa mtumishi, programu iliyotungwa saa za kazi, kwa kompyuta ya ofisi au kwa kuagizwa na mkuu wake, yaweza kuleta mgogoro juu ya nani mwenye haki ya kuiuza, na mgogoro huo huibuka pale fedha zinapoanza kuingia. Aidha, taarifa za ofisi zilizotumiwa kuijaribu programu si mali ya mtunzi, na zisitoke pamoja nayo.

Mtumishi mwenye kusudio hilo anashauriwa kupata idhini ya mwajiri wake kwa maandishi kabla ya kuuza, na kuhifadhi nakala za kazi yake zenye tarehe.